Maswali Yenu kuhusu Picha za Safari: Milango na Machweo ya Mji Mkongwe

SWALI: Nilitembelea Mji Mkongwe, Zanzibar, nikapiga picha nyingi kwa simu. Milango ya nakshi imetoka kama mbao tupu, na nyumba zote zinaonekana zinalalia nyuma. Nimekosea wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Hayo ni makosa mawili, ndugu msomaji. Nyumba zimelala kwa sababu uliinua simu ili paa liingie. Simu ikilala nyuma hata kidogo, mistari ya kuta husogeleana kule juu. Lenzi pana, ile ya 0.5, huzidisha kasoro hiyo. Ishike simu wima kama timazi ya mwashi, tumia lenzi ya 1, ile ya kawaida, na usilazimishe nyumba nzima iingie. Vichochoro vya Mji Mkongwe havina nafasi ya kurudi nyuma. Geuka upige kwa urefu wa kichochoro, au chagua mlango mmoja tu.

Sasa mlango. Nakshi huonekana kwa kivuli chake. Ukiupiga mlango kwa flashi, au mwanga ukiujia usoni moja kwa moja, vivuli vyote vinafutika na mchongo unabapa. Mchana napo, Zanzibar ikiwa nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, jua hukaa karibu na utosi: ukuta wa juu unaungua kwa weupe, chini kunabaki giza. Nenda kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni, utafute mlango ambao mwanga unaupitia ubavuni. Kila mlango una saa yake kulingana na upande unaotazama, kwa hiyo zunguka kwanza bila kupiga. Ukiupata, sogea. Msumari mmoja wa shaba na kivuli chake kirefu juu ya mbao, pembeni mnyororo uliochongwa kwenye fremu: picha hiyo inaeleza zaidi kuliko mlango mzima uliopigwa kutoka mbali.

Picha ulizonazo zinaweza kuokolewa kiasi. Programu ya Snapseed ni ya bure na ina chombo cha kunyoosha mistari iliyoinama. Nyoosha kwanza, kisha kata kingo, rangi mwishoni kabisa. Kunyoosha hula pembe za picha, ndiyo maana siku nyingine uache nafasi kuzunguka mlango. Punguza sehemu zinazong'aa hadi -30, ongeza vivuli +20. Ukipita hapo sana giza linageuka kijivu chenye chengachenga, kwa kuwa simu haikunasa kitu pale.

SWALI: Machweo ya Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, yamenishinda. Jua ni doa jeupe, wenzangu weusi tii, na nikiongeza rangi anga inakuwa kama juisi ya embe.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Simu haiwezi kubeba jua na uso wa mtu kwa pamoja, hivyo chagua kimoja. Ukitaka nyuso, fika saa 11 jioni, wasimamishe wenzako wakitazama upande wa jua nawe ulipe jua mgongo. Ukitaka machweo, bonyeza anga pembeni ya jua, shikilia hadi kipimo cha mwanga kijifunge, kisha telezesha kidole chini mpaka rangi ya anga irudi. Hapo watu watakuwa vivuli, na vivuli vizuri vinahitaji nafasi kati yao: wakibanana wanakuwa donge moja. Jahazi nalo liachie maji mengi mbele ya tanga kuliko nyuma, na subiri litengane na boti nyingine.

Washa gridi, ile mistari inayogawa kioo cha simu, kwenye mipangilio ya kamera, uweke mstari wa bahari juu ya mstari wa chini wa gridi. Bahari iliyoinama huharibu picha nzuri kuliko kosa lolote lingine, na kuinyoosha ni kazi ya sekunde tano.

Kuhusu rangi, +10 inatosha. Anga la machweo tayari limejaa wekundu. Ukiongeza zaidi, wekundu unafika kikomo, na mawingu yaliyokuwa na rangi kumi yanakuwa bapa moja la chungwa.

SWALI: Kwenye simu picha inang'aa, ikichapishwa inatoka nyeusi na yenye ukungu. Kwa nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Giza linatokana na kioo cha simu. Ukihariri mwanga wa kioo ukiwa juu kabisa, unaiona picha nyeupe kuliko ilivyo. Ushushe hadi nusu kabla ya kuanza. Ukungu mara nyingi ni wa WhatsApp, ambayo hupunguza ukubwa wa picha. Itume kama hati, au peleka faili lenyewe. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inataka takriban pikseli 1200 kwa 1800, na ya A4 takriban 2480 kwa 3508. Ukishakata nusu ya picha, hesabu upya kabla ya kuagiza ile kubwa.