Maswali ya Bustani: Ua la Tarumbeta Lisilochanua

SWALI: Nina mti wa maua ya tarumbeta uliosimama kama fimbo. Kila ukipita ukuta naupunguza. Huu mwaka wa pili, hata ua moja sijaliona. Shida ni nini?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Shida ni mkasi. Mti huu (Brugmansia, wa jamii ya mnavu na nyanya) hauchanui mpaka shina ligawanyike panda, mara nyingi ukifika mita 1.5 hivi. Maua hutoka juu ya panda tu. Ukikata chini yake, unaurudisha utotoni. Uache ugawanyike, ukipogoa baadaye, bakiza vifundo (mahali majani yanapotokea) vitano au sita juu ya panda.

Miche mipya nayo ichukue juu ya panda. Utayatambua matawi hayo kwa majani yake: kitako cha jani kimepanda upande mmoja kuliko mwingine. Kata sentimita 20, unene wa penseli au zaidi, chini kidogo ya kifundo. Bakiza majani mawili madogo, chomeka kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, weka kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu hivi. Mche huo utachanua ungali mfupi. Ukioza kitakoni, ama maji yamezidi au tawi lilikuwa changa mno.

SWALI: Je, huu ndio mnanaha? Nina mbuzi na wajukuu.
Msomaji, Limuru

JIBU: Sio, ingawa ni ndugu, Linnaeus mwenyewe, mtaalamu aliyeipa mimea majina ya kisayansi, aliuweka pamoja na mnanaha mwaka 1753, mtaalamu mwingine, Persoon, akautenga mwaka 1805. Maua ya mnanaha husimama na tunda lake lina miiba. Haya huning'inia, na tunda ni laini. Sumu ni ileile: atropini, hiyosiamini na skopolamini, kuanzia mizizi hadi mbegu. Aliyekula hukauka mdomo, mboni hupanuka, moyo huenda mbio, kisha huweweseka. Mkimbize hospitali na kipande cha mmea mkononi. Mbuzi wasipewe matawi uliyopogoa. Ukimaliza kupogoa, nawa kabla ya kugusa macho: utomvu peke yake hupanua mboni.

SWALI: Ule mwekundu utakubali Mombasa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Brugmansia sanguinea ni wa milima ya Andes na unahitaji usiku wa baridi. Panda ndugu yake, Brugmansia suaveolens, wa kusini mashariki mwa Brazili, unaovumilia joto zaidi. Jioni hunukia na kuita nondo. Mwagilia kila siku wakati wa kiangazi, maana ukikauka huangusha vitumba. Na matawi usiyatupe mtoni. Kwao spishi zote za jenasi hii zimetoweka porini, lakini suaveolens huku kwetu hutoroka bustani na kuota kandokando ya vijito, kwa kuwa kipande cha tawi kikilala kwenye tope hutoa mizizi. Yaanike juani hadi yakauke kabisa, kisha yazike.