Erlang: fun inakubali nodi A, ikifika nodi B inatoa badfun

Mkuu umeuliza inakuwaje fun (funksheni unayoweza kuipitisha kama data katika lugha ya programu ya Erlang) inatoka nodi A (nodi ni mfumo mmoja wa Erlang unaoendeshwa) inafika B inafanya kazi freshi miezi, halafu ukiapdeti A tu inaanza kutema badfun (kosa la fun isiyoitika). Kazini tuna mfumo wa meseji wenye nodi kadhaa na hatuziapdeti zote kwa mpigo, kwa hiyo huyu jamaa namjua vizuri.

Ukituma fun, Erlang haibebi kodi (code) ya programu. Kinachopita kwenye waya hasa ni jina la moduli (fungu la kodi ilimoandikwa), namba ya hiyo fun humo ndani, md5 ya moduli (hashi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kilichomo), na thamani ambazo fun ilizishika pale ilipoundwa. Kodi yenyewe B inatakiwa iwe nayo tayari, tena toleo lilelile. Kama moduli haipo kabisa unapata undef (kosa la funksheni kutopatikana), kama ipo ila toleo lako halimo ndo hiyo badfun. Ni sawa na kumwambia mtu asome ukurasa wa 40 wakati kitabu chake ni chapa nyingine.

Sisi badala ya fun tunatuma jina la moduli, jina la funksheni na agumenti, B inaita toleo lolote lililopo kwake. Ila kaa macho, ukibadili maana ya agumenti B ya zamani itazipokea na kufanya madudu kimyakimya, na hapo mi naona afadhali badfun, angalau inapiga kelele.

Lugha nyingine zilipita njia zao. Kwenye Obliq ya Luca Cardelli miaka ya 90 kloja (funksheni pamoja na vigeugeu inavyovitumia) inasafiri kweli, lakini vigeugeu vya nje inavyovitaja vinabaki kwao, kila ukivigusa unarudi mtandaoni, sasa laini ikikatika sijui unamlilia nani. Java ikaruhusu kushusha klasi nzima kutoka sava ya mbali, matunda yake tuliyaona Desemba 2021 kwenye Log4Shell, tundu la usalama la Log4j, maktaba ya Java ya kuandika logi: maandishi tu yakiingia kwenye logi sava yenye Java ya zamani inaenda kuchukua klasi ya mtu baki na kuiendesha 😅. Lugha ya Unison ndo naikubali, kila funksheni inatambulika kwa hashi ya kilichomo ndani yake, B ikikosa kipande inakiomba, matoleo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi.

Kwa leo, piga rpc (kuita funksheni kwenye nodi nyingine) kila nodi uulize md5 ya hiyo moduli kwa module_info, funksheni inayotoa taarifa za moduli. Zikitofautiana mchawi umempata, iapdeti B kwanza ndo urudi kwa A.