Skonsi za mbabula: njo vile zangu ziliacha kuwa mawe

Dada wa Ndosho uliyeuliza ju ya nini skonsi zako zinatoka ngumu na chini zimeungua, na hauna furu (oveni), uko na mbabula tu, jiko ya makala, mimi nilipita mule mule karibu mwaka nzima. Siko mupishi wa hoteli, niko mama ya nyumba hapa Goma, asubui nauziaka majirani skonsi na chai.

Shida ya kwanza iko mu mikono. Sisi tumezoea kukanda mandazi, unapiga unga mpaka inavutika sawa mpira, na kwa mandazi iko bien kabisa. Skonsi inakataa hiyo. Ule mvuto wa unga ya ngano, gluteni, ukisha kuuamsha kwa kukanda, skonsi inashikana ndani na haipande tena. Siku hizi nachanganya na kisu ya meza, nikiona unga imeshikamana nasukuma na kiganja mara tano sita basi, hata ikibaki na nyufa naiacha hivyo hivyo, mama yangu akiona anasema hii haijaisha, namwambia yaache tu mama.

Kipimo changu ni vikombe viwili vya unga, kama gramu 250, Blue Band vijiko vitatu vya kula vyenye kujaa, sukari vijiko viwili, chumvi kidogo. Blue Band unaisugua mu unga na ncha ya vidole mpaka inakuwa sawa muchanga. Levire ya gato (baking powder) utaona wengi wanaandika vijiko vitatu vya chai, nilifuata, zikapanda mbio kisha zikaanguka. Hapa tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, hewa haikandamize sana na ile gesi ya levire inavimba kupita kule ambako recette iliandikwa, njo maana natia viwili tu. Na ju unga inakauka haraka, maziwa naongeza kidogo, robo tatu ya kikombe ao kupita.

Ukiwa na mashanza, maziwa ya kuganda, ni mazuri zaidi, inalainisha. Lakini hapo tia levire kijiko kimoja cha chai na bikarbonati robo ya kijiko, robo nimesema! Mimi nilitia kijiko kizima siku moja tuna wageni, bwana wangu akauma akaniuliza kama leo tunakunywa chai na sabuni.

Sasa furu. Chukua sufuria kubwa nzito yenye kifuniko, chini tandika vichangarawe vya volkano unene wa vidole vitatu, ile ya mulipuko wa Nyiragongo wa 2002 imejaa mu parsele, haiuzishwe. Ichomee kwanza siku nyingine bila kitu, ikauke kabisa, ju jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka. Juu ya vichangarawe weka sahani ya bati na skonsi, funika, kisha makala ya moto juu ya kifuniko, na hii njo wengi wanasahau: makala ya juu iwe mingi kuliko ya chini. Mimi naweka kama sehemu mbili juu, moja chini. Acha sufuria ipate moto dakika 20 mbele ya kuingiza kitu. Kujua kama imefika, nanyunyiza unga kidogo kwa sahani ya bati, ikigeuka rangi ya chai ya maziwa kwa dakika moja hivi, ingiza. Ikiwa nyeusi mara moja, punguza. Na yote hii fanyia inje, usifungie mbabula ndani ya nyumba hata mvua inyeshe, gesi ya makala inaua mutu bila harufu.

Unga usiitandike nyembamba, urefu wa vidole viwili. Kata na vere (glasi) yenye umechovya mu unga, shindilia moja kwa moja chini uinue, usizungushe, ukizungusha unaziba kando na inapanda upande mumoja sawa kofia ya mulevi. Zipange karibu karibu zigusane, zinasaidiana kupanda. Dakika 15 hivi.

Sufuria yangu inabeba nane. Hapo mbele nilikuwa nachanganya unga ya kilo mbili mara moja, unga ya mwisho inangojea kupita saa nzima, na levire inaanza kazi ile dakika inagusa maziwa, kwa hiyo mupiko wa tatu ulikuwa unatoka bapa. Sasa nachanganya tu vile vikavu, unga na Blue Band na sukari na levire, naweka mu ndoo yenye kifuniko, inakaa siku tatu ine bila shida. Kila mupiko napima vikombe viwili na nusu, natia maziwa, nakata. Hii njo ilibadilisha yangu yote, kupita hata mambo ya mikono.

Biskuti za chai usianze nazo. Zinapenda moto mudogo, nazipika mwisho wakati makala inaanza kufa, hivyo sipotezi kitu. Sukari sehemu moja, Blue Band mbili, unga tatu, hakuna levire, hakuna maziwa. Gramu 50, 100, 150 inatosha kwa kujaribu. Dakika 25 ao kidogo kupita, zikitoka zinakuwa laini, usishtuke, zinakauka zikipoa.

Asubui yenye inauza mbio ni skonsi ya fromage (jibini) ya Masisi, unaikwangua mu unga, unaacha sukari.

Jaribu nne tu kesho. Kama chini imeungua ongeza vichangarawe, kama juu imebaki nyeupe ongeza makala ya kifuniko, kisha andika hapa unambie.