Karavani inayovuja: usianze na silikoni

Pole sana, ndugu yangu. Umesema karavani yako kuukuu (kijumba cha kulala kinachovutwa na gari) hapo Igombe ina madoa ya maji darini, godoro linanuka unyevu, na unataka kuziba nyufa kwa silikoni. Subiri kwanza. Mbao za ndani zikiwa bado zimelowa, utayafungia maji humohumo na zitaendelea kuoza.

Tafuta yanapoingilia. Zima umeme, kisha mwagia maji kwa mpira polepole kuanzia chini ya madirisha ukipanda kuelekea paa, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianza juu, maji yatateremka na kukudanganya. Doa mara nyingi huwa mbali na tundu lenyewe: mimi nilihangaika na kona ya kitanda wiki nzima, kumbe maji yalipenya kwenye skrubu za reli ya paa, ule ukanda unaofunika kiungo cha paa na ukuta.

Choma plaiwudi kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, kata hadi penye ubao mzima, pakauke kabisa. Juni hadi Agosti jua letu la Mwanza litakusaidia. Ng'oa reli, kwangua gundi yote ya zamani, weka utepe wa butili (utepe laini wa mpira unaonata na kuzuia maji), kisha rudisha reli kwa skrubu zisizoshika kutu.

Nyaya zikiwa zimelowa, mwite fundi umeme. Fremu ikiwa imeoza, usiivute karavani barabarani kabla seremala hajaikagua.