Mama abadilishe hospitali?

SWALI: Mama yangu ana miaka 72, anatibiwa kwa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hapa Marekani. Nasikia wazee Weusi wanahudumiwa vibaya kuliko Wazungu. Shida ni ubaguzi wa wahudumu au ni mtaa tunaoishi? Nimpeleke hospitali nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, yote mawili yapo, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na mtaa. Tuseme mji una hospitali mbili. Ya kwanza, wagonjwa 80 kati ya 100 wanasema wauguzi waliwaeleza mambo vizuri daima. Ya pili, 60. Ndani ya kila hospitali Weusi na Wazungu wanajibu sawasawa. Wazungu 8 kati ya 10 wakitibiwa ya kwanza, na Weusi 8 kati ya 10 ya pili, hesabu inatoka 76 kwa Wazungu na 64 kwa Weusi. Pengo la 12, na wodini hakubaguliwa mtu! Ndivyo hali ilivyo: utafiti uliotoka mwaka 2007 ulikuta robo tu ya hospitali za Marekani zikihudumia karibu asilimia 90 ya wazee Weusi waliolazwa kwa Medicare. Mitaa yenyewe haikutengana kwa bahati. Miaka ya 1930 ramani za mikopo ya nyumba ziliipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, yaani hatari kukopesha, na fedha zikaikwepa.

Basi linganisha. Ingia Care Compare, ukurasa wa Medicare mtandaoni, andika msimbo wa posta, fungua maoni ya wagonjwa. Usiishie kwenye nyota ambazo hospitali imepewa; tazama asilimia ya waliojibu "daima" kuhusu wauguzi, madaktari na maelezo ya dawa. Hospitali yenye majibu yasiyofika 100 haipewi nyota, kwa hiyo kukosa nyota si ubaya. Kasoro kubwa ni kwamba alama hizo hazitenganishwi kwa rangi: hospitali inayosifiwa na wengi yaweza kumtendea mama yako vingine.

Kabla ya kuhama, angalia bima. Akiwa na Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi ya bima, hospitali unayoitaka huenda haimo kwenye orodha ya mpango wake. Mpango hubadilishwa Oktoba 15 hadi Desemba 7, na mpya huanza Januari 1. Ila tahadhari: akirudi Medicare ya kawaida, katika majimbo mengi kampuni za bima ya nyongeza, Medigap, zinaweza kumkataa kwa sababu ya maradhi yake. Uliza hilo kwanza, wengi wamenaswa hapo.

Ikiwa wagonjwa wa kitanda cha pili wanajibiwa haraka na yeye anasubiri, kuhama peke yake hakutoshi. Andika tarehe, saa alipobonyeza kengele, saa muuguzi alipofika, na maneno yaliyosemwa. Peleka malalamiko kwa maandishi hospitalini. Ukiona ni ubaguzi, ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Afya hupokea malalamiko yanayoletwa ndani ya siku 180 tangu tukio.

Na kama Kiingereza kinamsumbua, dai mkalimani, ni bure. Msimtumie mjukuu: mtoto hawezi kumtafsiria bibi yake habari za kibofu, na bibi naye atazificha.