Unakuja Ujerumani mwisho wa mwaka? Soma kabla hujakata tiketi

Kila ikikaribia mwisho wa mwaka napata meseji za ndugu na marafiki, "nataka kuja huko Krismasi, baridi ikoje?" Baridi inavalika jamani. Mimi nawaulizaga tarehe kwanza, maana huku ukikosea wiki moja tu unaikosa sherehe yote unakuta mji umefungwa.

Kinachowachosha wageni wengi ni giza. Watu wa Njombe na Makete mtaniambia baridi mnaijua, sawa, ila kwenu jua linatoka saa kumi na mbili kama kawaida. Berlin mwishoni mwa Desemba linachomoza saa mbili na robo asubuhi na saa kumi kasoro jioni limeshazama, na hapo katikati mara nyingi ni mawingu tu. Kwa Waislamu, adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya masaa kama manne hivi, kwa hiyo weka ratiba ya sala kwenye simu, ukitegemea kukadiria kwa jua litakuponyoka. Vitu vya kutembelea nje vifanye asubuhi, makumbusho na maduka yasubiri jioni.

Oktoba mwanzoni bado kuzuri, majani yamegeuka njano na mekundu, huko Mosel na Rhine wanavuna zabibu. Ila Oktoberfest ya Munich isikudanganye kwa jina, inaanza Septemba na siku za mwanzo za Oktoba inaisha. Halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, tunakuwa nyuma ya Dar na Nairobi kwa masaa mawili badala ya moja, kwa hiyo angalia vizuri ukiwa na simu ya kupiga nyumbani.

Novemba, kusema ukweli, siipendi. Mvua ya manyunyu, digrii tano sita, miti imebaki vijiti. Kama una watoto ila, tarehe 11 ni sikukuu ya Mtakatifu Martin, yule askari wa Kirumi aliyekata joho lake akampa nusu maskini, na siku hizo watoto wanatembea mitaani jioni na taa za karatasi wakiimba, burudani ya bure kabisa. Siku hiyohiyo Cologne wanafungua msimu wa karnivali saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, mji unajaa walevi waliovaa kama maharamia na nyuki, so kama hupendi fujo lala mji mwingine.

Mimi ningekuja wiki ya mwisho ya Novemba mpaka kama tarehe 20 Desemba. Ndio msimu wa masoko ya Krismasi, na hapo giza lenyewe linageuka faida maana zile taa zinapendeza usiku. Dresden wana soko lao tangu 1434, Nuremberg wanafungua Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Adventi (Majilio, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi), na Jumapili hiyo mwaka 2026 ni tarehe 29 Novemba. Nenda katikati ya wiki, Jumamosi ni kusukumana tu. Beba keshi ndogondogo kwa sababu vibanda vingi kadi hawataki. Glühwein ni mvinyo wa moto wenye viungo, usiyekunywa pombe omba Kinderpunsch, na ile hela ya juu wanayokutoza ni amana ya kikombe, ukirudisha unarudishiwa, wageni kibao wanaondoka wakidhani wameibiwa.

Theluji usiiahidi familia. Mabondeni huku Desemba ni mvua na matope zaidi, ukiitaka kwa uhakika zaidi panda treni kutoka Munich mpaka Garmisch, uende juu ya mlima Zugspitze, mita 2,962.

Koti nunua nyumbani, Karume au Gikomba, yale makoti mazito ya mitumba yametoka hukuhuku na bei ni tofauti kabisa. Hela uliyookoa weka kwenye viatu visivyoingiza maji, miguu ikilowa siku imeisha. Ndani kuna hita kali, kwa hiyo vaa nguo nyepesi nyingi unazoweza kuvua, sio sweta moja zito.

Sasa tarehe 24. Maduka yanafunga mchana, 25 na 26 ni sikukuu, na Jumapili huku maduka huwa hayafunguliwi. Mwaka 2026 tarehe 27 imeangukia Jumapili, hesabu mwenyewe. Masoko ya Krismasi nayo mengi yanakuwa yameshavunjwa. Wenyeji wako majumbani na familia zao, na mgeni asiye na mwenyeji anabaki na kebabu na maduka ya stesheni kubwa. Kama huna wa kukualika, nunua mchele, mafuta na kuku tarehe 23 asubuhi, na upange nyumba yenye jiko badala ya hoteli.