Jibu: Maji ya rejeta yanapungua bila tone kuonekana chini
Ndugu, umesema gari lako hupoteza maji ya rejeta kila unapopanda kutoka Nakuru kuelekea Timboroa, ilhali chini hakuna tone. Tafadhali usifungue kifuniko injini ikiwa moto, kwani maji hayo yatakurukia na kukuunguza. Ikishapoa, mulika tochi kwenye maungio ya mipira ya kupitishia maji na chini ya pampu ya maji, ukitafuta ukoko wenye rangi ya kulanti (kioevu cha kupozea injini), maana uvujaji mdogo hukauka juu ya chuma cha moto kabla haujadondoka. Usipouona, mwombe fundi apime mfumo kwa pampu ya shinikizo. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa huashiria kuwa gasketi ya hedi, yaani kizibo kati ya hedi na bloku ya injini, imeharibika. Hapo usiliendeshe tena, hata hadi Njoro hapo karibu na Nakuru.